Mafuta Niliyotia kwenye Chujio

Maskati, Ijumaa

Kwa Mama yangu mpendwa,

Mwaitu, mama yetu, mwanao anakusalimu kutoka mbali. Mguu umeacha kuvimba? Na huko Kanyangi mvua imefika, au mbaazi zimekauka tena? Mimi mwili hauna ugonjwa. Dada Kavata akikusomea barua hii, mwambie asiruke mstari, hata pale atakapotaka kuruka.

Ameniandikia kwamba kila asubuhi unamlaani Bwana Seif, mwenye gereji ninayofanyia kazi, kwa kuwa alinizuia kuja kumzika Baba. Mimi ndiye niliyemwambia Kavata hivyo kwa simu, na ni kweli alinizuia. Lakini nilimwambia nusu tu. Nusu iliyobaki ni hii.

Siku ile ya Jumanne Kavata aliponipigia kusema Baba ametuacha, nilikuwa na gari la kijana mmoja tajiri wa hapa. Alikuwa amenunua bomba pana la kuvutia hewa, na chujio la hewa la kitambaa linalofungwa pamoja nalo, ili injini ingurume na gari likimbie zaidi. Nilitoa chujio lililokuja na gari, nikafunga hayo mapya siku ya Jumatatu. Kesho yake akalirudisha, taa ya injini inawaka. Magari haya ya siku hizi yana kompyuta. Unaunganisha matundu mawili ya plagi yake kwa waya, taa inapepesa, unahesabu, na hesabu inakuambia ugonjwa. Iliniambia injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo.

Nikaenda kwa Bwana Seif na habari ya msiba. Yeye alizaliwa Unguja, tunaongea Kiswahili.

"Pole sana, Mutua. Mnazika lini?"

"Jumamosi."

"Basi ndege ya Ijumaa itakuwahisha. Gari la huyu kijana likitoka hapa taa imezimika, njoo uchukue pasipoti yako. Babake ni mtu mkubwa, sitaki maneno naye."

"Fundi mwingine anaweza kuliangalia."

"Nani kafunga hilo bomba?"

"Mimi."

"Haya. Si ushajijibu?"

Mama, injini ikilalamika hivyo, fundi anatafuta kwanza mahali ambapo hewa inaingia kwa wizi. Nilikaza kila kibano. Nilipuliza dawa ya kabureta kwenye kila kiungo nikisikiliza kama mngurumo utabadilika. Haukubadilika. Nikaweka mpira mpya wa kuziba kiungo, nikachomoa betri ili kompyuta isahau, nikaliendesha mpaka bandarini. Taa ikazimika, nikaanza kuwaza nguo gani nitabeba. Kabla sijarudi gereji ikawaka tena. Jumatano ikaisha hivyo, na Alhamisi pia. Ijumaa watu wote walikuwa mapumziko, mimi Bwana Seif akaniachia ufunguo wa gereji. Ndege yangu ilipopita juu nilikuwa nimeinama kwenye injini. Sikuinua kichwa.

Jumamosi asubuhi Bwana Seif alikuja kuangalia. Akagusa chujio kwa kidole, akakitazama kidole kilivyolowa mafuta.

"Mutua, hili chujio au chapati?"

Alicheka. Hapo ndipo mahali pekee ambapo sikuwa nimetafuta.

Unakumbuka lile lori la duka ambalo Baba aliendesha. Kila Jumamosi alifungua lile bakuli la chujio la hewa, akamwaga tope la wiki nzima, akatia mafuta mapya, kisha akapangusa kidole kwenye soksi yake ya kushoto, nawe ukimgombeza. Aliniambia, "Vumbi la Mutomo likiingia bila kupita kwenye mafuta, sahau lori." Na ni kweli, lori lile halikufa injini mikononi mwake. Kwa hiyo nilipoona hili jipya nalo linataka mafuta, sikusoma karatasi yake ya maelezo. Lilitaka kupakwa kidogo tu. Mimi nilililoweka kabisa, kama yeye.

Nyuma ya chujio kuna waya mwembamba kama unywele, unaoipimia kompyuta hewa inayopita. Nikaufungua. Ulikuwa umejaa mafuta na vumbi, haukuhisi tena hewa vizuri. Kompyuta ikadhani hewa ni kidogo, ikapunguza petroli. Nikausafisha, nikaosha chujio, nikalikausha, nikafunga. Taa haikuwaka tena. Kazi yote haikuchukua hata muda wa saa mbili. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano, na huko nyumbani mlikuwa mnamtoa Baba ndani.

Bwana Seif akanipa pasipoti. Akasema sasa naweza kwenda.

Simtetei. Mtu aliyefiwa hafungwi kwa gari la mtu. Lakini usimlaani peke yake, Mama, maana siku tatu nilitafuta kosa kwa watengenezaji wa bomba, kwa mpira, kwa betri, na halikuwa huko. Siwezi kumkasirikia Baba. Alinifundisha vizuri, kwa lori lake na kwa barabara yake. Nimejaribu kujikasirikia mwenyewe mpaka nimechoka.

Msalimie bibi, na umwambie asiniulize kwa nini sikuja, umweleze wewe. Msalimie mjomba aliyetengeneza jeneza, na watoto wa Kavata, na jirani yetu aliyekaa nawe siku zile zote.

Kavata aliandika kuhusu nyimbo, na mchungaji, na watu waliotoka mbali hata Migwani. Jambo moja hakuliandika, na najua kwa nini. Wakati wa kutupa udongo, mwana wa kwanza ndiye huanza. Mlimsimamisha nani mahali pangu? Niandikie jina lake. Sitamchukia. Nataka tu kujua ni mkono wa nani.

Ni mimi mwanao,
Mutua