Ukuta wa Matundu

Newala, Ijumaa. Baridi ya kipupwe. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma, tukaliona jua mchana.

Leo nyumba yetu imepigwa picha. Mimi simo.

Ilianza na karatasi ya kufungia sukari. Saidi, mume wangu, fundi mwashi, aliileta kutoka dukani Masasi. Ilikuwa karatasi ya gazeti yenye picha ya nyumba mpya ya Dar es Salaam: madirisha mapana, baraza ndefu, na ukuta wa matofali ya matundu yanayopitisha upepo. Sisi tulizoea kidirisha kimoja na giza mchana kutwa. Niliitazama picha ile mpaka mboga zikaungua.

"Baba Zuhura, hii tunaiweza," nilimwambia.

Akacheka. Kesho yake akaanza kuchora chini kwa kijiti.

Huku juu maji ni shida. Kila ndoo ya kukandia udongo niliiteka bondeni, nikapanda nayo kilima kichwani. Mpango wa matundu niliutoa mimi, kwa kufuata msuko wa mkeka wa mama yangu. Juu tukaezeka mabati, tukatega mfereji wa kupeleka maji ya mvua kwenye tangi. "Hutashuka tena bondeni, Mama Zuhura," alisema. Nilimwamini.

Korosho zilipouzwa, akaoa mke wa pili, Somoe. Chumba chenye ukuta wa matundu akampa yeye. Mimi na mwanangu Zuhura tukahamia banda la uani.

Somoe simchukii. Siku ya kwanza aliniamkia shikamoo huku sauti ikimtetemeka, nami nikaitikia marahaba. Naye ni mtoto wa watu.

Alasiri ya leo amekuja mpiga picha kutoka Lindi. Bwana DC anataka picha za nyumba bora za wenyeji. Saidi alivaa kanzu, akamsimamisha Somoe kando yake barazani. Nikatoka uani nitazame. Mpiga picha akachomoa kichwa kwenye kitambaa cheusi cha kamera.

"Mama, sogea kidogo. Kivuli chako kinaingia kwenye picha."

Nilimtazama Saidi. Yeye akaitazama kamera.

Nikasogea.

Baadaye mgeni aliupapasa ukuta akauliza nani aliyebuni urembo ule.

"Mimi mwenyewe," Saidi akajibu.

Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika. Siku ya harusi yao nilivumilia, hata pilau nilipika. Neno hili moja limenishinda.

Mgeni alipoondoka nilimwambia, "Ungenitaja tu, Baba Zuhura."

"Mwanamke na ujenzi wapi na wapi?"

Nimefunga nguo zangu na za mtoto. Nyumba ni nzuri, siwezi kusema uongo. Hata sasa nikiiangalia, macho hayataki kutoka.

Kukikucha tunakwenda Chiwata kwa mjomba. Nitalia njia nzima, najijua. Nikifika nitanawa uso, nimwombe kiwanja.