Kichocho cha Oliva

Basotu, 4 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima na pikipiki yangu nzima, hapa Basotu hakuna anayeniweza. Wasiwasi ni juu ya miguu yako.

Sipigi simu maana wewe huweka spika, Tlawi yote ikasikia. Barua anakuletea Patriki muuza samaki.

Mdogo wangu Oliva, uliyenipa nimlee hapa asome, ana kichocho. Anafua ziwani, na juzi nimeona damu kwenye shuka lake. Shule sikumaliza, lakini somo la kichocho nilikuwepo. Nikamwambia ukweli: ukichelewa dawa, unakufa. Tangu hapo kajifungia. Chakula hali, shule haendi, zahanati kagoma. Hata ng'ombe hakamui, nakamua mimi na napigwa mateke.

Naogopa, Mama. Usimwambie mtu.

Mwanao,
Baltazar

Tlawi, 7 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Miguu haijambo, imesimama ikucheke.

Daktari wewe, mdogo wako amevunja ungo. Msomee hii mlangoni, na usitangaze:

Oliva mama, huumwi, wala hufi. Mimi ilinijia nikipalilia maharage. Nilidhani jembe limenikata, nikatafuta jeraha mpaka jioni. Bibi yako alinikataza kugusa maziwa, eti ng'ombe atakauka. Nikajiona mchafu. Mwezi uliofuata nikakamua kwa siri. Ng'ombe yule alizeeka na maziwa yake. Basi kamua, mwanangu, na unywe.

Baltazar, nenda dukani ukanunue taulo za kike. Mwenyewe.

Mama yako

Basotu, 12 Mei 2024

Mama,

Shikamoo tena. Wote wazima, safari hii kweli.

Nilisoma mlangoni. Nilipofika kwenye jembe, nikasikia kicheko. Akafungua. "Kaka, ungeninywesha dawa ya kichocho wewe." Nikamwambia nilikuwa nampima akili.

Dukani nikamkuta Mama Mwita mwenye duka, mtu wa Mara, na mwalimu Verdiana wa Bukoba. Niliagiza kiume, sauti tu ndiyo ilikataa. Wakacheka, wakaanza kukumbushana siku zao za kwanza. Mama Mwita alilia siku nzima, akiogopa baba akisikia atamtafutia mume. Mwalimu yeye shangazi alimchinjia kuku, akala peke yake. Wakanisahau pale na pakiti yangu mkononi.

Nikachinja jogoo. Oliva kala mapaja yote mawili, mimi nikapewa shingo.

Leo alfajiri nimeamshwa na maziwa yakilia ndooni. Teke sikusikia. Nikajifanya bado nimelala, mpaka ndoo ikajaa.

Mwanao, daktari mstaafu,
Baltazar