Mama Mkwe Ndani ya Trela

Kwapa,
kwa njia ya Posta ya Tororo,
Uganda.
17 Februari, 1953

Mpendwa shemeji Luke,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Hamjambo huko Tabora? Mguu wa dada Alaso umepona? Na watoto je? Sisi ni wazima. Mvua bado, visima viko chini, lakini hakuna mgonjwa nyumbani.

Barua yako ya Januari niliipata. Habari za shamba nitakujibu nikishakwenda kuliona kwa macho yangu.

Leo nataka kukueleza harusi ya Ariokot, binti wa marehemu kaka Emuron, maana najua mmesikia kwamba ilivunjika njiani. Harusi haikuvunjika. Iliyovunjika ni pini.

Kama unavyojua, gazeti ninaloliandikia limenipa trela la kulala, nyumba ndogo ya magurudumu mawili inayovutwa na Landrova, ili nizunguke vijijini wiki nzima bila kutafuta malazi. Lina kitanda, jiko la mafuta ya taa na mapazia ya maua ambayo sikuyachagua mimi. Kwa mwaka mmoja limenipasulia mipira kumi na mmoja na kuangusha bomba la maji mara mbili. Siku hizi sisafiri bila waya, na kipande cha sabuni ya kuziba tangi likivuja.

Jumamosi asubuhi nililitumia kuwapeleka watu wetu Misheni ya Nagongera. Ariokot alikaa mbele nami, na gauni lake. Mama yake, Adeke, alikaa ndani ya trela akilinda vyungu vya chakula. Ndoa ilikuwa saa nne. Padre alikwisha kusema wazi: saa sita anaondoka, Jumatano ni Majivu, na hafungishi ndoa tena mpaka Pasaka ipite. Na bwana harusi, Mangeni, alitakiwa Jinja Jumatatu, kwenye kazi ya bwawa, kwa mkataba wa mwaka mzima. Wakiikosa siku hiyo, wameukosa mwaka.

Tororo mpira ulipasuka. Dakika ishirini zikaenda. Saa mbili na nusu, upande wa Mwello, nikasikia kishindo nyuma. Pini inayounganisha trela na gari ilikuwa imekatika, na trela limeinamisha pua barabarani. Kosa ni langu: vyungu vyote nilivipanga mbele.

Adeke hakuumia. Alipata mchuzi begani tu. Lakini bodi ya trela ilikuwa imejipinda na mlango umekwama. Niliuvuta mpaka kitasa kikabaki mkononi mwangu.

Nikamwambia Ariokot nimfikishe kanisani kwanza, trela nitalirudia.

“Siolewi mama yangu akiwa amefungiwa njiani kama kuku,” akasema.

“Nenda ukaolewe!” Adeke akapiga kelele dirishani. “Kuku ana haraka gani?”

Niliwaacha wakibishana, nikasimama barabarani kungoja yeyote mwenye spana. Pikipiki ya kwanza kutokea ilikuwa ya Mangeni mwenyewe, fundi wa magari wa Busia, amevaa suti, na msimamizi wake Egesa nyuma.

Wewe umeoa kwetu, sheria unaijua: mwanamume na mama wa mke wake hawaonani uso wala hawasemezani. Wasamia kina Mangeni nao ni vivyo hivyo. Alipojua nani yumo ndani, alirudi nyuma hatua kumi, akaangalia mashamba ya pamba, akataka nimweleze ubovu kwa mdomo. Tukasikilizana hivyo kwa muda, naye akaona haiwezekani. Akaanza kusogea, akinong’ona.

“Okanya, nani huyo?” Adeke akaniuliza.

“Fundi.”

“Fundi gani ananong’ona?”

“Ni Mangeni.”

“Yesu na Maria!” Mapazia yote manne yakafungwa kwa mkupuo.

Kando ya barabara palikuwa na mkulima, Oguttu, akitengeneza plau yake ya ng’ombe. Mangeni akaiona boliti ya mnyororo wa plau, akaipima kwa kidole, akaiomba. “Chukua,” akasema Oguttu, “lakini mimi nalima Jumatatu. Isilewe huko harusini.”

Boliti ilienea kwenye tundu la pini. Kazi ikawa kuinua pua ya trela. Egesa alishika usukani, na sisi wanaume watatu tuliifikisha magotini, basi. Mangeni akayatazama yale magurudumu mawili yaliyoko katikati, akaniinamia.

“Baba, mwambie mama arudi nyuma kabisa.”

“Mama Ariokot, rudi…”

“Nimesikia. Mwambie nimerudi.”

“Mwambie na vyungu.”

“Muulize, hata cha uji?”

“Mwambie cha uji hasa.”

Nikawa posta kati ya watu waliotengana hatua mbili. Adeke akavuta chungu kimoja kimoja, na kila chungu kilipokwenda nyuma, pua ilipanda kidogo. Egesa akarudisha gari taratibu.

“Mwambie mama asicheze!”

“Mwambie mimi si mtoto!”

Boliti ikaingia. Saa yangu ilisema saa tatu na dakika hamsini.

Tulifika saa nne na dakika ishirini na tano. Padre alikuwa mlangoni, saa mkononi, lakini alitungoja. Mlango wa trela ulikuwa bado umekwama, kwa hiyo nililiegesha chini ya dirisha la kanisa. Ariokot alipoitikia “Ndiyo,” vigelegele vilitoka nyuma ya mapazia ya maua, na kanisa zima likageuka.

Baada ya misa Mangeni alikuja na bisibisi. Akafungua skrubu za bawaba zote, akazipanga kwenye ngazi, kisha akaenda zake nyuma ya kanisa. Alipotoweka, Adeke akausukuma mlango mwenyewe, akashuka.

“Mwambie kazi yake ni safi,” akaniambia. “Na mwambie koti lake limefumuka mshono mgongoni. Akuachie, nitalishona kabla hawajaenda Jinja.”

Nikamuuliza amejuaje, na mapazia yalikuwa yamefungwa. Akaniuliza sahani ziko wapi.

Koti lilishonwa Jumapili. Jioni ile ile nilimrudishia Oguttu boliti yake, na jana alfajiri maharusi walipanda treni ya Jinja.

Msalimie sana dada Alaso, na Taaka, na mdogo wake ambaye bado hatujamwona. Adeke anawasalimu. Mungu awalinde katika kazi na katika safari, na mvua ikianza kwenu, tuleteeni habari.

Ni mimi shemeji yako, nisiyewasahau,

Fabiano Okanya