Shati Jekundu la Arvo Niskanen

Baba, mwaka umetimia tangu utuache, asubuhi ile ya Desemba theluji ilipokuwa imepanda hadi kwenye madirisha. Tumeusubiri mwaka huu uishe kama mtu anavyosubiri jino liache kuuma. Umeisha, na bado linauma.

Wengi wanaosoma gazeti hili walikujua kwa kazi yako ya kuendesha greda la kaunti na kusafisha theluji barabarani. Ulikuwa ukifika kwa mama mjane wa kona ya kanisa unasafisha hadi mlangoni kwake, jambo ambalo hukutumwa. Ukiulizwa ulisema, "Greda lilinishinda kona." Kila majira ya baridi lilikushinda kona hiyo hiyo.

Sisi wa nyumbani tunakukumbuka zaidi kwa kambi, ile nyumba ya mbao ya kuwindia uliyoijenga msituni na mdogo wako, Baba mdogo Weikko, yenye jiko la kuni ndani na bafu la mvuke nyuma. Na ule ukuta. Sheria ya kambi uliisimamia mwenyewe: anayemfyatulia kulungu risasi akamkosa, jioni anageuzwa mgongo, anakatwa pindo la nyuma la shati alilovaa, na kitambaa kinapigiliwa ukutani na jina lake. Kaka yangu Rudy ana vitambaa vingi mpaka ukamshauri awe ananunua mashati mawili mawili. Mimi, binti yako Lorna, ninavyo vyangu. Wewe hukuwa na hata kimoja, na hukutupa nafasi ya kulisahau hilo.

Kwa aliyekosa ndege ulikuwa na huruma. "Tukianza kukatana mashati kwa sababu ya kwale," ulisema, "ukoo mzima utaenda kanisani uchi."

Kuwinda kwale kulikuwa jambo lako na Tessa, mbwa wako mweupe mwenye madoa. Majani yakianza kupukutika mlishika njia za zamani za wakata magogo, na tofaa moja mfukoni, nusu yako, nusu yake. Uliongea naye kuliko ulivyoongea na sisi sote. Mama alikuwa akikusema: "Ungeniongelesha mimi hivyo, ningekuwa natembea na wewe."

"Njoo basi, Lempi."

"Kwenye baridi ile? Nenda na mkeo mwenye manyoya."

Na hakuja kweli. Alitufungia mikate ya nyama na viazi, akatupungia mkono, akabaki na nyumba yake na utulivu wake.

Kisha ukaja msimu wako wa mwisho. Asubuhi ya kufunguliwa msimu, kulungu dume mkubwa alisimama karibu kabisa na kichanja chako cha kuvizia mtini. Mimi nilikuwa kwenye kichanja cha pili, nikasikia mlio mmoja, nikaanza kushuka nije nikusaidie kumburuta. Nikakukuta chini ya mti, mikono mitupu. "Nimemkosa," ulisema. Mikono yako ilikuwa ikitetemeka tangu kiangazi. Sote tuliona, na hakuna aliyethubutu kusema.

Jioni Rudy aliushika mkasi kisha akaurudisha mezani. "Baba, tuache tu. Wewe ndiye mwenye kambi."

Ukasimama, ukachomoa shati kwenye suruali, ukampa mgongo. "Kata. Mkinisamehe leo, kesho mtaanza kunikatia nyama kwenye sahani."

Rudy alikata huku analia na kucheka. Ulikipigilia kitambaa mwenyewe, ukajigonga kidole, ukatuambia tusikutazame. Msimu mzima uliobaki ulilivaa shati lile lile, jekundu la mirabamiraba, la sufu, alilokupa Mama. "Upepo unaingia mgongoni," ulilalamika. "Kumbe ndiyo shida mliyokuwa mkipata, maskini." Uliporudi nyumbani Mama alikuzunguka, akasema, "Arvo, nani amekula shati langu?" Alitaka kulitia kiraka ukakataa. Ulisema tundu lile umelihangaikia.

Baada ya kukuzika, Mama alisema kambi iuzwe. Alisema hataki kumwona mtu mwingine akipanda kichanja chako. Rudy hajawahi kumshinda Mama kwa maneno, akakubali. Baba mdogo naye akakubali, akiangalia nje dirishani. Mimi sikukubali moyoni. Niliona tunakuzika mara ya pili.

Tessa naye alikuwa amegoma. Rudy alimpeleka msituni msimu wa kwale ulipofunguliwa. Akashuka garini, akanusa, akaingia uvunguni mwa gari akalala. Nilipompeleka mimi ikawa vile vile. Tukasema basi, huyu naye amemaliza.

Asubuhi moja ya Oktoba yenye jalidi, Mama alitoka kuchukua kuni, akavuta nguo ya kwanza iliyokuwa karibu na mlango. Lilikuwa shati lako. Tessa akainuka kwenye mkeka wake, akamnusa, akaenda kukaa kando ya mlango wa gari. Mama akanipigia simu.

"Lorna, mbwa wa baba yako ananiamrisha."

"Anataka nini?"

"Anataka nimpeleke porini. Mimi hata sijui kwale wanakaa wapi."

"Yeye anajua, Mama."

Walienda bila bunduki. Mama alichukua tofaa. Baada ya hapo walienda kila siku isiyo na mvua, na Rudy aliyewapita njiani alisema Mama alikuwa anaongea peke yake, kisha akajisahihisha, anaongea na Tessa. Habari ya kuuza kambi ikapungua, ikapotea. Siku moja wakati tunaosha vyombo akaniuliza, "Ile bunduki ya baba yenu bado inavuta kushoto?" Nilikaribia kuvunja sahani. Nilikuwa nimesahau kwamba kabla hajawa mama yetu alikuwa binti wa shamba mwenye shabaha.

Novemba alipanda kichanja chako, Baba. Polepole, akiwalaani waliotengeneza ngazi, yaani wewe. Alivaa koti la wawindaji la rangi ya machungwa kama sote, na ndani yake shati lako. Jua lilipochomoza vizuri nikasikia mlio mmoja, nikashuka mbio. Alikuwa chini ya mti, mikono mitupu.

"Alinitazama," aliniambia, "akanionyesha mkia wake mweupe, akaenda zake. Nimemkosa."

Jioni hakuna aliyesema tuache. Rudy alikuwa amejifunza kwako. Alichukua mkasi akasema, "Mama, geuka." Mama akavua koti, akageuka, akasimama wima. Rudy akabaki na mkasi mkononi.

"Mbona unachelewa? Baridi inanipiga."

"Mama, hakuna pindo. Lilishakatwa."

Mama hakugeuka. "Basi weka mkasi. Baba yenu amenilipia."

Baba mdogo alianza kucheka, kisha akakaa chini na kujifunika uso, na sote tukalia, kilio tulichokuwa tumekibana tangu makaburini. Mama peke yake hakulia. Alichukua penseli ya kuandikia alama za karata, akaenda ukutani kwenye kitambaa chako chekundu, na chini ya jina lako akaandika lake.

Kambi haiuzwi, Baba. Mwakani kichanja ni cha Mama, na ameagiza ngazi mpya.

Unakumbukwa na mkeo Lempi, wanao Rudy na Lorna, mdogo wako Weikko, wajukuu zako Elsie na Carl, na Tessa, ambaye bado anapewa nusu yake ya tofaa. Kila msimu ukifunguliwa, na siku zote za katikati, tutakukumbuka.