Wanasema Nimejitupa, Kumbe Namngoja Dada

Mama Veneranda mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimeshindwa kujisemea mbele ya watu wa nyumba. Mimi ni mkimbizi kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, nakaa Rusimbi kwa shangazi Eufrasia, aliyeolewa huku zamani, na ndiye aliyetupokea mimi na binti yangu Dainess tulipofika hatuna hata kanga ya kujifunika, Mungu ambariki, sina neno baya juu yake isipokuwa hili moja.

Siku vita ilipoingia kwetu nilikuwa nimekaa mkekani kati ya magoti ya yaya Agnesi, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu, ameshanifumua nywele za zamani na ananisuka mistari, amemaliza upande wa kulia ndiyo anataka kuanza wa kushoto, tukasikia risasi, tukakimbilia ufukweni, mimi na mtoto tukavutwa ndani ya boti, yeye akarudi kumchukua mama mkwe wake, na boti haikungoja. Mpaka leo sijui kama yu hai. Basi ile nusu aliyonisuka sijaifumua, naifunga kitambaa, naenda kuanika dagaa, narudi, nalala nacho, kwa sababu mama, ile mistari ni mikono yake, ndicho kitu pekee cha kwake nilichovuka nacho.

Sasa kichwa kinawasha, kuna kidonda nyuma ya sikio nakificha, kitambaa kinanuka na wenzangu bombani wananikwepa. Shangazi aliniambia mbele ya wageni, "We Mapendo, umejitupa! Mwanamke mzima kichwa kama kichaka, huyo mtoto atajifunza nini kwako?" Neno hilo lilinichoma nikashindwa kula. Juzi akaja na wembe mpya, akasema Agnesi ameshakufa, ninyolewe, tukae matanga tumlilie, yaishe. Na kwetu, mama, hata huku naona ni hivyo hivyo, anayenyolewa ni aliyefiwa, kwa hiyo nikiukubali wembe ule nimemzika dada yangu, na huenda yuko kambi fulani anaulizia jina langu, na nikiukataa shangazi anasema nitafute pa kukaa. Niambie, kweli mimi nimejitupa? Na wembe niukubali?

Mapendo, Rusimbi.

*

Marahaba, Mapendo, na pole, pole sana. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaenda kunywa maji, nikairudia.

Tuanze na hilo neno, maana watu wanalirusha ovyo. Aliyejitupa ni yule asiye na habari tena na nafsi yake: sabuni anayo, maji yapo, na haogi, chakula amepakuliwa, anakitazama mpaka kinapoa, ukimuuliza vipi, anakujibu ya nini. Jirani yangu Leonardi alijitupa hivyo alipofiwa na mkewe, ikabidi tumwogeshe sisi. Wewe unaamka, unamlisha Dainess, unaanika dagaa wa watu juani, na nina hakika kila boti inayotia nanga unainua shingo. Mtu anayengoja hivyo hajajitupa, na shangazi yako alikosea kulisema mbele ya wageni.

Ila na mimi ngoja nikukaripie kidogo. Kidonda unakificha cha nini? Hapo sasa, mwanangu, umeanza kulisogelea neno lenyewe. Nenda zahanati kesho asubuhi. Agnesi akishuka leo akakuvua hicho kitambaa, unadhani atafurahi kukuta mistari yake inakuozesha kichwa? Atakupiga kofi kwanza ndipo akukumbatie.

Wembe ukatae. Usikae matanga ya mtu ambaye hakuna aliyeona amekufa. Lakini wewe umechanganya kunyoa na kufumua, na hilo ndilo linalokutesa. Umeandika mwenyewe kwamba siku ile alikufumua kwanza. Miaka yote amekufumua na hukulia, kwa sababu ulijua unasukwa tena. Basi fumua, kwa vidole, taratibu, na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, karibu, na ukilia lia tu. Halafu nenda ofisi ya wanaotafuta ndugu waliopotezana, taja jina lake, la mama mkwe wake na la Baraka, na urudi mara kwa mara mpaka wakuchoke.

Na wewe mama Eufrasia, najua gazeti hili linafika Rusimbi, na kwa kuwa Mapendo hana sauti mbele yako, nasema mimi. Ulifungua mlango wakati wengine walifunga milango yao, asante. Na Agnesi ni mwana wa kaka yako vilevile. Umechoka kungoja habari, unataka angalau pa kumlilia. Nakuelewa kabisa, ila msiba huo haujafika, usiende kuupokea njiani. Na habari ya kumfukuza huyu binti isisikike tena.

Wembe uweke mbali. Kidonda kikipona, shika kitana, tandika mkeka, mkalishe mwanao Mapendo kati ya magoti yako, umsuke mtindo wowote unaoupenda isipokuwa twende kilioni. Anza na upande wa kushoto.