Siku Mama Alipocheka Sebule Ikisikia

Achieng mjukuu wangu,

Sisi wazima. Ng'ombe amezaa, paa la jikoni linavuja, na baba yako bado anasema kesho. Wewe unajaza gazeti zima huko Nairobi, lakini kwangu unaandika mistari minne. Aibu!

Unauliza kama vichekesho vya Wamarekani vilituchekesha miaka ile ya tisini. Basi sikiliza.

Mama yangu alikuja kututembelea hapa Oyugis. Kwetu mama mkwe haketi chumba kimoja na mkwewe, kwa hiyo yeye alikaa jikoni, na babu yako sebuleni na majirani, mbele ya televisheni ya betri. Mwalimu mmoja jirani alikuwa akitutafsiria kwa sauti. Akatokea Mmarekani akimwambia mama mkwe wake, "Chakula chako hata mbwa amekikataa." Mwalimu akatafsiri hilo pia, bila kufikiri. Ndani ya televisheni watu wakaangua kicheko. Kwetu majirani wakageuka kutazama mlango wa jikoni. Mama yangu angeondoka kwa hasira bila kula, ndoa yangu ingebaki na nini? Na ugali ulikuwa bado motoni.

Babu yako akaruka kuizima televisheni.

"Wacha, mkwe wangu!" mama akaita kutoka jikoni. "Mwalimu, huyo mama amemjibu nini?"

Mwalimu akajibu, "Amesema mbwa ana adabu kukushinda, maana wewe umelamba sahani."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo babu yako akacheka, kisha sebule yote. Na mama akala.

Andika hivyo gazetini: Wamarekani walitangulia kucheka, lakini sisi tulimngoja mama.

Ni mimi, Dani yako, yaani bibi yako, ambaye macho yangu bado yanasoma.