Gomesi ya Mwanamke Anayesimama

Kwako Mama Mdogo wangu,

Mwaka unaisha, na wateja wameanza lile swali lao la kila Desemba: "Mwaka ujao tutavaa nini?" Walizoea kukuuliza wewe. Tangu tulipokuzika wananiuliza mimi, na mimi hujifanya natafuta pini chini ya cherehani mpaka wanaondoka. Sasa kuna jambo limetokea hapa kibandani, na nisipokusimulia wewe nitapasuka.

Unakumbuka nilivyomaliza masomo kule Kyambogo nikarudi na kiburi cha mtu aliyeona kila kitu? Simu imejaa picha za wanamitindo, na kutwa nakuhubiria. Nikatangaza kwamba ni mwaka wa sketi za kubana, nikakata kitambaa chote cha kijivu bila kukuuliza. Ulinitazama tu, ukaendelea kutafuna muhogo wako. Haikupita wiki mbili, wanawake wa maofisini Ntinda wakaanza kurudi mmoja mmoja, sketi zimepasuka nyuma mpaka aibu. Siku hizi hawakai upande kwenye boda kama mama zao. Wanapanua miguu, wanashika chuma, wanawahi kazini. Ulicheka hadi ukajishika mbavu, kisha ukakaa nami siku tatu tukiziba ile mipasuko. Sikukuomba msamaha kwa kudharau jicho lako. Nakuomba sasa.

Siku ile uliniambia: "Usiangalie nguo, mutoto wangu. Angalia bamama, mikono yabo inafanya nini."

Ndiyo ilikuwa shule yako. Ulikaa umeelekea soko la Nakawa, sindano mdomoni, ukawatazama wapitao. Ulipoona wachuuzi wameanza kushika simu zao wenyewe na kufanya biashara zao humo, ukaanza kutia mifuko kwenye kila gauni kabla hajatokea wa kuiomba. Mume mmoja alikuja kuchukua gauni la mkewe akauliza mfuko huo ni wa nini. Ukamjibu, "Ya kuweka mambo yake." Akaondoka ananung'unika. Mwezi uliofuata mkewe alileta marafiki wanne.

Basi, miezi mitatu iliyopita alikuja Nakato, yule mwalimu mrefu uliyependa kumshonea. Binti wa kaka yake alikuwa anafanya kwanjula, bwana harusi anakuja kutambulishwa kwa wakwe, na ukoo umemchagua Nakato awe msemaji wa upande wa bibi harusi. Mwanamke! Wewe mwenyewe unazijua shughuli zile: wanaume ndio wanaotupiana maneno mchana kutwa, wanawake wanaingia, wanapiga magoti, wanasalimu, wanarudi ndani. Alileta gomesi ya bibi yake, lile gauni refu la heshima la wenyeji hapa, niipunguze kiuno. Nikamwambia aivae, ajaribu kutembea kama siku yenyewe. Akashika mkasi wangu mkono mmoja uwe maiki, mkono wa pili karatasi zake. Hatua ya tatu akakanyaga upindo, akamwangukia Zaituni wa kibanda cha jirani.

Tulicheka. Halafu mimi nikaacha kucheka, maana nilikuwa nimeona. Gomesi inataka mkono mmoja wa kuinyanyua ukitembea, na Nakato hakubakiwa na mkono. Ilishonwa kwa ajili ya mtu anayekuja, anapiga magoti na kuondoka. Na si yeye peke yake: mwezi huohuo wateja watatu walikuwa wameniambia kuhusu dada au binti aliyechaguliwa kusema. Hapo nikajua mwaka ujao umebeba nini.

Lakini gomesi si sketi, Mama Mdogo. Ni vazi la wenye mji, na mimi ni Mkongomani niliyeingia hapa nimeshika kanga yako. Zaituni alinionya waziwazi: "Wewe Aline, unagusa gomesi ya wenyewe? Banange! Wakikasirika hawa, hata kifungo hawatakuletea." Alisema kweli. Zaidi ya nusu ya wateja wangu ni wao, na wakinisusa, kibanda ulichoniachia kinafungwa. Niliogopa. Nikamkatia Nakato yake mpya hivyohivyo. Nilipandisha upindo hadi kifundo cha mguu, nikazidisha mkunjo wa mbele ili usifunguke akipiga hatua, na chini ya mshipi nikaficha mfuko. Mabega ya gomesi yenye ncha sikuyagusa, wala vifungo viwili vya kifuani.

Siku ya shughuli nilikaa nyuma kabisa ya hema. Nakato alisimama, akatembea, akawachachafya wageni kwa maneno mpaka wazee wakafuta machozi ya kicheko. Ila mimi nilikuwa namtazama ssenga, shangazi mkubwa wa ukoo, yule ambaye mila zote ziko mikononi mwake. Alikaa mkekani akiukodolea macho upindo ule mwanzo hadi mwisho bila tabasamu. Kisha akaita binti mmoja, akamnong'oneza, na yule binti akaninyooshea kidole. Nikajificha nyuma ya sahani yangu ya matoke.

Jumatatu ssenga akaja mwenyewe kibandani, na mkongojo wake. Zaituni akazima cherehani ili asikie vizuri.

"Wewe ndiyo unakata gomesi?"

"Ndiyo, jaja."

"Swahili mimi najua kidogo, bwana yangu alikuwa polisi. Sikia." Akaivuta gomesi ya mfano niliyokuwa nimeishona na kuitundika ukutani, akaipindua, akatumbukiza mkono mfukoni. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Kwanjula ya watoto saba mimi nimepiga magoti. Saba! Hakuna hata moja walinipa maiki. Aprili mujukuu wangu anatambulisha bwana yake. Nimewaambia, safari hii mimi ndiyo nitaongea. Leta futi, pima."

Mama Mdogo, nililia nikimpima, sikuona hata namba. Nilifurahi na nilikukumbuka kwa wakati mmoja, moyo ukawa unauma mahali palepale unapocheka. Kesho nakata gomesi nyingine sita za namna hii, na nikiulizwa mwaka ujao tutavaa nini sitainama tena kutafuta pini. Pumzika, mama yangu. Kibanda kiko wazi.

Nilipofika kwenye upindo, yule bibi aliniinamia akasema, "Usiweke ndefu sana, mutoto. Nina maneno mengi."

Mtoto wa dada yako, uliyemfanya wako,
Aline